Kisima kifupi karibu na ufuo kina maji matamu, kirefu kilicho mbali na bahari kimegeuka chumvi: sababu ni nini?

Kisimani (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa kuelewa jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, na ambalo kila ninayemwuliza hunipa maelezo yanayopingana na ya mwenzake.

Katika kisiwa kidogo cha mchanga na mawe ya matumbawe kuna visima viwili. Cha kwanza kilichimbwa kwa mikono zamani sana, kiko kama hatua arobaini kutoka mahali mawimbi yanapoishia, kina chake hakizidi mita nne, na maji yake yamekuwa matamu hata wakati wa kiangazi. Cha pili kilichimbwa kwa mashine, kiko karibu mita 200 kutoka ufuoni, kinashuka hadi mita 18, na kimefungwa pampu inayofanya kazi karibu mchana kutwa. Miezi michache ya mwanzo kilitoa maji mazuri, kisha yakaanza kuwa ya chumvichumvi, na sasa hayafai hata kupikia. Wazo lililotumika wakati wa kukichimba lilikuwa kwamba kadiri mtu anavyokwenda mbali na bahari, na kadiri anavyochimba chini, ndivyo anavyoikimbia chumvi. Matokeo yamekuwa kinyume kabisa.

Kuna mambo mengine mawili niliyoyaona kwa macho yangu na ambayo siwezi kuyapatanisha na maelezo ninayopewa. Maji ya kile kisima kifupi hupanda na kushuka kufuatana na kujaa na kupwa kwa bahari, na hata hivyo hayawi ya chumvi. Tena wakati wa bamvua, bahari inapotoka mbali, chini ya mstari wa mawimbi huchuruzika maji ya baridi ambayo ukiyaonja yana utamu kiasi. Nimeambiwa kwamba mchanga huyachuja maji ya bahari na kuyaondolea chumvi yanapoingia ardhini. Je, ni kweli? Na je, pampu ikizimwa, kisima kirefu kitarudi kuwa kitamu, na kwa muda gani?

MpimaMaji

Ndugu Kisimani, nianze na hilo la mchanga kuchuja chumvi, kwa sababu likibaki kichwani litapotosha kila kitakachofuata. Mchanga huzuia tope, majani na hata baadhi ya vijidudu, lakini chumvi iliyokwisha kuyeyuka haizuiwi na mchanga wala na mwamba wa matumbawe, kwa kuwa chembe zake ni ndogo mno kuliko nafasi zilizomo kati ya punje. Maji ya bahari yakipita katika kilomita nzima ya mchanga yatatoka upande wa pili na chumvi yake ile ile, takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Maji matamu ya kisima chako asili yake ni mvua. Sehemu ya mvua hurudi angani kwa kunyonywa na mimea na kukaushwa na jua, na sehemu inayobaki huzama polepole hadi ikute mchanga na mawe ambayo tayari yamelowa maji ya bahari, maana kisiwa cha namna hiyo ni kama sifongo iliyokaa ndani ya maji.

Hapo ndipo uzito unapoamua mambo. Lita moja ya maji ya mvua ina gramu 1,000 hivi, na lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi. Tofauti hiyo ya sehemu moja kwa arobaini inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoyawezesha maji matamu kuelea juu ya maji ya chumvi bila ukuta wowote wa kuyatenga. Chukua bomba lililopinda mfano wa herufi U, mkono mmoja ukiwa na maji ya bahari yenye kimo cha mita 40. Ili mkono wa pili wenye maji matamu uweze kuyahimili, kimo chake hakina budi kufika mita 41. Ile mita moja ya ziada ndiyo inayoonekana juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo kila sentimita ambayo maji ya kisima yamesimama juu ya usawa wa wastani wa bahari inashikilia sentimita arobaini za maji matamu chini ya usawa huo. Katikati ya kisiwa, ambako maji yamejiinua zaidi, akiba huwa nene, na kandokando huwa nyembamba, kiasi kwamba ukiikata kisiwa kizima kama mkate utaona umbo la punje ya dengu. Wataalamu huiita lenzi ya maji matamu.

Kanuni hii ina historia ninayoipenda, kwa sababu iligunduliwa zaidi ya mara moja na watu waliokuwa wakitafuta maji ya kunywa na si sifa. Joseph Du Commun aliieleza nchini Marekani mwaka 1828, na maandishi yake yakasahaulika. Mwaka 1889 ilichapishwa na Badon Ghijben, mhandisi wa jeshi la Uholanzi, aliyekuwa akichunguza uwezekano wa kuchimba kisima karibu na Amsterdam. Mwaka 1901 Mjerumani Herzberg aliifikia kwa njia yake mwenyewe, kutokana na visima vya Norderney, kisiwa cha mchanga katika Bahari ya Kaskazini, ambako kila alipochimba chini zaidi alikuta chumvi katika kina kilicholingana na urefu wa maji juu ya bahari. Leo kanuni hiyo inaitwa kwa majina ya hao wawili wa mwisho.

Sasa tuitumie kwa visima vyako, kwa makadirio tu, maana hujatupatia vipimo. Tuseme ardhi penye kisima kirefu iko mita mbili juu ya bahari, na maji yalikuwa yamesimama sentimita 50 juu ya usawa wa bahari kabla ya pampu kuwashwa. Mpaka wa chumvi ulikuwa basi mita 20 chini ya bahari, na kitako cha kisima kiko mita 16 chini ya bahari. Umbali kati yao ni mita nne. Pampu ikiyashusha maji kwa sentimita kumi peke yake, na ikaendelea kuyashikilia hapo, mizani inadai mpaka upande kwa mita nne hizo hizo. Kisima kifupi hali yake ni tofauti. Pale ufuoni lenzi ni nyembamba, pengine mita tano au sita, lakini kisima chenyewe kinagusa ngozi yake ya juu tu, na ndoo inayochotwa kwa kamba haiyashushi maji kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa hiyo kile kirefu kiliharibiwa na urefu wake pamoja na nguvu ya pampu, na umbali wake kutoka ufuoni haukuweza kukiokoa kwa sababu chumvi haikuja kwa njia ya ufuoni. Ilitoka chini yake.

MsomaArdhi

Namshukuru MpimaMaji kwa hesabu aliyoiweka wazi, na mwelekeo wake naukubali. Hata hivyo naomba nitofautiane naye katika jambo moja, kwa sababu naona wengi hukwama hapo na kisha hufanya maamuzi mabaya. Kanuni ya arobaini kwa moja inayachukulia maji haya kana kwamba yametulia, wakati ukweli ni kwamba yote mawili, matamu na ya chumvi, yako mwendoni muda wote.

Tazama ufuoni. Kwa kanuni ile, mahali ambapo maji ya ardhini yanalingana na bahari, unene wa maji matamu ungekuwa sifuri. Lakini mvua inayozama kila mwaka sharti itokee mahali, na haiwezi kupita katika mlango wenye upana wa sifuri. Mwanajiolojia Mmarekani, King Hubbert, alionyesha mwaka 1940 kwamba ukiuhesabu mwendo wenyewe, maji matamu hupata mlango wake chini ya bahari, katika ukanda mwembamba mbele ya ufuo, na mpaka wa chumvi hukaa chini kidogo kuliko kanuni ya kale inavyosema. Huo mlango ndio uliouonja, ndugu Kisimani, wakati wa bamvua. Ubaridi wake una sababu: maji yaliyokaa ardhini hubaki karibu na wastani wa joto la mwaka mzima, kwa hiyo adhuhuri, mchanga wa ufuoni unapochoma nyayo, huonekana ya baridi sana.

Tena huo mpaka ni mpaka kwa jina tu. Kujaa na kupwa kwa bahari, pamoja na misimu ya mvua na ukame, huusukuma mbele na nyuma hadi maji yakachanganyika, na kinachopatikana ni ukanda wenye unene wa kuanzia chini ya mita moja hadi makumi ya mita, ambamo chumvi huongezeka polepole kadiri unavyoshuka. Maji matamu yanapopita juu ya ukanda huo kuelekea baharini huikokota sehemu ya chumvi na kutoka nayo. Chumvi iliyokokotwa lazima ifidiwe, na kinachoifidia ni bahari yenyewe, ambayo huingia ardhini kwa chini, husogea taratibu kuelekea bara, hupinda kwenda juu, na kutoka tena pamoja na maji matamu. Cooper aliuandika mzunguko huu mwaka 1959, na vipimo vya Kohout karibu na Miami, katika mwamba wenye maji unaoitwa Biscayne, vilionyesha kwamba chumvi ilikuwa imesimama karibu zaidi na bahari kuliko mahali ambapo kanuni ya maji tuli ingeiweka.

Jambo hili ninalisisitiza kwa sababu linabadilisha namna ya kuifikiria pampu. Bahari haikuwa nje ya kisiwa ikingoja kualikwa. Imekuwa ikiingia chini ya miguu yetu siku zote, na siku zote imekuwa ikirudishwa na mkondo wa maji matamu unaokwenda ufuoni. Tunaposema kwamba maji fulani ya ardhini yanapotea bure baharini, na kwamba ni heri tuyavute kabla hayajapotea, tunasahau kwamba yanapotoka yanafanya kazi ya kuirudisha chumvi. Anayeyavuta yote huondoa nguvu hiyo nzima.

Kiasi cha maji kinachopita katika milango hii si kidogo. Mwaka 1996 Willard Moore alipima radiamu katika bahari iliyo mbele ya pwani ya kusini mashariki ya Marekani, madini ambayo maji huyabeba kutoka katika mchanga na mawe, akakadiria kwamba maji yanayotoka ardhini kuingia eneo lile la bahari yanafikia karibu asilimia 40 ya maji yanayoletwa na mito yake. Sehemu kubwa ya maji hayo ni yale ya bahari yaliyoingia na kurudi. Miaka mitatu baadaye aliuita ukanda huo mlango wa mto ulio chini ya ardhi, na naliona jina hilo linafaa, maana humo nitrojeni ya vyoo na ya mbolea hubadilishwa au hupitishwa moja kwa moja hadi kwenye matumbawe. Wanaochimba choo juu ya lenzi wanaifikiria afya ya kisima, na ni vyema, lakini mara chache hukumbuka kwamba kisima na mwamba wa samaki vinanyweshwa na mkondo mmoja.

Watu wa zamani walilijua hili kwa vitendo. Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa kale, ameandika kuhusu wakazi wa Arwad, kisiwa cha pwani ya Syria, waliopata maji ya kunywa kutoka chemchemi iliyo chini ya bahari kwa kuifunika kwa chombo cha risasi chenye umbo la faneli na kuyapandisha maji kwa bomba la ngozi. Huko Bahrain wapigambizi walishuka na viriba kuyateka maji matamu yaliyobubujika sakafuni mwa bahari.

Kisimani

Nawashukuru nyote wawili kwa dhati. Sasa naelewa kwa nini kina kilidhuru badala ya kusaidia. Naomba nifafanuliwe mambo mawili yaliyobaki. La kwanza ni hili la kisima kufuata kujaa na kupwa bila kuwa cha chumvi: ikiwa maji yanapanda bahari inapojaa, si ina maana kwamba bahari imeingia? Na kuna wanaoshauri pampu iwashwe wakati wa maji kupwa tu. La pili, nitajuaje kwa vipimo, bila kutegemea ulimi, kwamba chumvi iliyomo ni ya bahari na wala si ya choo au ya mwamba wenyewe?

FundiVisima

Nimekuwa katika kazi ya visima vya pwani kwa muda mrefu, na nitajibu kwa yale ninayoyashika kwa mikono, wenzangu watanisahihisha.

Kinachosafiri kutoka baharini hadi kisimani wakati wa kujaa ni msukumo, na maji yenyewe husogea hatua chache tu mbele na nyuma. Ni kama safu ndefu ya watu waliobanana mlangoni: wa nyuma akisukuma, wa mbele anausikia msukumo ingawa wa nyuma hajafika mbele. Kisima chako kifupi kinainuliwa na kushushwa pamoja na lenzi yake nzima. Kuhusu saa ya kuwasha pampu, faida yake ni ndogo. Kasi ya kuvuta na kina cha kuvutia ndivyo vinavyoamua.

Hata hivyo msukumo huo unaweza kukufundisha jambo kubwa kuhusu kisima kirefu, nami nakuomba ulipime kabla ya kitu kingine chochote. Katika visiwa vingi vya matumbawe, tabaka la juu ni changa, lenye mchanga na vipande vya matumbawe, nalo hupitisha maji kwa kiasi. Chini yake, mara nyingi kati ya mita 15 na 25, kuna chokaa ya zamani ambayo iliachwa wazi bahari iliposhuka katika enzi za barafu, ikaliwa na mvua kwa maelfu ya miaka hadi ikajaa mashimo na mapango. Chokaa hiyo hupitisha maji kwa wepesi wa mara kumi, hata mara mia, kuliko tabaka la juu. Bahari huingia humo bila kizuizi, na msukumo wake huja kutoka chini kwenda juu, si kutoka ufuoni kwenda ndani. Pale yanapogusana matabaka hayo mawili maji huchanganyika kwa nguvu, kiasi kwamba lenzi hukatwa hapo hapo hata kama mvua ingetosha kuijenga nene zaidi. Funga kamba yenye alama katika visima vyote viwili, uandike kimo cha maji kila baada ya nusu saa tangu kujaa hadi kupwa. Ikiwa kile kirefu, kilicho mbali na ufuo, kinacheza zaidi kuliko kifupi kilicho karibu nao, basi kitako chake kinapumua pamoja na chokaa ya chini, na hakuna namna ya kuipunguza pampu itakayokiponya katika kina kile.

Pampu inapovuta kutoka shimo moja lililosimama wima, maji ya chumvi yaliyo chini yake huinuka kama kichuguu. Kwa kasi ndogo kichuguu husimama. Kikivuka takriban theluthi moja ya umbali kati ya mpaka wa awali na kitako cha kisima, huanza kuwa hatari, na kuanzia hapo ongezeko dogo la kasi linaweza kukifikisha kwenye pampu kwa ghafla. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kizuri kwa miezi kadhaa huharibika ndani ya wiki chache, na wenyewe hudhani kuna kitu kipya kilichotokea. Njia iliyothibitika ni kuvuta kidogokidogo mahali pengi, karibu kabisa na uso wa maji. Bonriki, huko Tarawa katika nchi ya Kiribati, maji ya mji hukusanywa kwa mabomba yenye matundu yaliyolazwa chini kidogo ya uso wa maji, ili ushukaji usambae juu ya eneo kubwa badala ya kukusanyika penye shimo moja. Hawaii walichimba mashimo hadi kwenye uso wa maji kisha wakapasua mahandaki ya mlalo kwa lengo hilo hilo. Nako Amsterdam, inayovuta maji ya vilima vya mchanga vya pwani tangu mwaka 1853, uvutaji wa visima virefu ulifanya chumvi ipande, na tangu mwaka 1957 maji ya mto Rhine yaliyosafishwa kwanza humwagwa katika vilima hivyo ili kuirudishia lenzi kilichochukuliwa.

Kuhusu vipimo, tafuta kifaa cha kupimia upitishaji wa umeme. Maji ya bahari husoma karibu mikrosiemensi 50,000 kwa sentimita, na maji mazuri ya kisima cha matumbawe husoma mamia kadhaa hadi elfu moja na kitu. Usingoje ulimi, kwa sababu ulimi huchelewa. Bahari ina karibu miligramu 19,000 za kloridi kwa lita, na ladha ya chumvi huanza kusikika kloridi inapozidi miligramu 250 hivi, kwa hiyo ndoo moja ya maji ya bahari inatosha kuzitia ladha ndoo 75 za maji matamu. Yaani kisima kinaweza kuwa kimepokea asilimia moja ya bahari na bado wote wakakisifu. Pima kila wiki na uandike tarehe, kwa kuwa kupanda kwa namba ni muhimu kuliko namba yenyewe.

Ili kutofautisha bahari na choo, peleka chupa maabara wapime sodiamu, kalsiamu, kloridi na naitreti. Chumvi ya bahari inapoingia kwa mara ya kwanza katika tabaka lililozoea maji matamu, udongo hunasa sodiamu na kuachia kalsiamu, hivyo sodiamu huonekana pungufu ikilinganishwa na kloridi, na kalsiamu huzidi. Tabaka likianza kusafika, dalili hugeuka: sodiamu huwa nyingi kuliko kloridi inavyotarajiwa. Naitreti ikiwa juu, tazama vyoo kwanza.

Tahadhari moja zaidi. Usipime chumvi kwa kushusha chupa ndani ya kisima kirefu kilicho wazi ukadhani umepata picha ya ardhi. Shimo lililo wazi tangu juu hadi chini huunganisha matabaka ambayo kwa asili yalikuwa yametengana, na maji ya chini huweza kupanda humo hata pampu ikiwa imezimwa. Kwa maneno mengine, shimo hilo lenyewe linaendelea kuidhuru lenzi.

MsomaArdhi

Limebaki swali la muda, nami nitalijibu kwa hesabu rahisi. Chukua lenzi yenye unene wa wastani wa mita sita, katika mchanga ambao asilimia 30 ya ujazo wake ni nafasi za maji. Akiba yote ni sawa na kimo cha maji cha mita 1.8. Ikiwa mvua inayozama kila mwaka ni milimita 400, itachukua takriban miaka minne na nusu kuyabadilisha maji yote mara moja. Kwa hiyo kisima kilichochafuliwa katika kitako chake tu kinaweza kupata nafuu baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua nzuri, lakini lenzi iliyovutwa hadi kuchoka huhesabiwa kwa miaka. Kuna mfano uliofuatiliwa kwa makini katika kisiwa cha Pukapuka, Visiwa vya Cook, ambako kimbunga Percy kilimwaga bahari juu ya nchi kavu mwaka 2005. Maji yalihitaji miezi 11 kufaa kunyweka tena, na baada ya miezi 26 mabaki ya chumvi yalikuwa bado yanaonekana chini. Hiyo ilikuwa chumvi iliyotoka juu, ambayo mvua huisukuma chini kwa njia iliyonyooka.

Baada ya tsunami ya Desemba 2004 wengi nchini Sri Lanka walivuta maji ya visima vyao tena na tena ili kuvisafisha. Mara nyingine uvutaji huo ulizidisha hali, kwa sababu uliipandisha chumvi ya chini wakati mvua ingeweza kuishusha ile ya juu. Kwa hiyo, ndugu Kisimani, usiliweke tumaini lako katika kuvuta kwa nguvu hadi chumvi iishe.

Na kama kuna anayeshuku kwamba mpaka huu unaweza kuwa mzito kusogea, atazame chini ya bahari iliyo mashariki ya Marekani. Visima vya utafiti vilivyochimbwa huko mwaka 1976 vilikuta maji yenye chumvi kidogo sana chini ya sakafu ya bahari, kilomita nyingi kutoka pwani. Maelezo yanayokubalika ni kwamba sehemu kubwa yake iliingia katika enzi za barafu, bahari ilipokuwa chini ya ilivyo leo kwa takriban mita 120, na kwamba tabaka la udongo wa mfinyanzi limeizuia chumvi kuyafikia tangu hapo. Bahari ilikwisha kurudi juu yake maelfu ya miaka iliyopita, lakini mpaka wa chini haujamaliza kuifuata.

Kisimani

Narejea baada ya siku nne. Nimefunga kamba zenye alama katika visima vyote viwili na kuandika vimo vya maji kwa mizunguko miwili mfululizo ya kujaa na kupwa, mchana na usiku. Kile kirefu, ingawa kiko mbali na ufuo mara nyingi zaidi, hucheza karibu mara mbili ya kifupi, na hufikia kilele mapema zaidi kuliko nilivyotarajia. Naona hilo linajibu kile alichoniuliza FundiVisima.

Tumekubaliana kuizima pampu na kulijaza lile shimo kwa udongo wa mfinyanzi na saruji kutoka kitakoni hadi mita nne tu kutoka juu, ili lisiendelee kuunganisha matabaka. Kisha, kabla ya mvua, tutachimba mtaro wa kulaza bomba lenye matundu katikati ya kisiwa, chini kidogo ya uso wa maji, na tutaanza kwa kuvuta robo ya kiasi kilichokuwa kikivutwa. Kifaa cha kupimia umeme kimeazimwa, na daftari la vipimo limefunguliwa leo. Kisima kifupi kimesoma 640.

FundiVisima

Namba nzuri. Pima tena siku ile ile ya wiki, saa ile ile ya kujaa, na usiruhusu pampu ifungwe juu ya hicho kifupi hata mtaro ukichelewa.